Lipu Mbichi

Zamda alikuwa ameniinamia kabla sijafumbua macho vizuri.

"Bi Mkubwa, leo amesema nini?"

Kila siku swali lilikuwa hilo, nikiamka tu kwenye usingizi wa adhuhuri. Nilikaa kwanza, nikavuta kaniki yangu mabegani, nikamwomba Mungu anikinge na shetani wa ndotoni, ndipo nikamjibu.

"Amesema lipu mbichi. Nisiingie."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Hakunitaja?"

"Zamda, mtu yuko kazini, ana mwiko mkononi. Atataja watu wangapi?"

Akasonya, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha chumba chake, kofia ya marehemu mapajani. Akawa anaikunja na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua.

Tulikuwa wajane wawili ndani ya eda moja. Mume wetu, Yahaya, alikuwa fundi mwashi wa mwisho hapa Kondoa kujenga kwa mikono. Siku hizi nyumba zinamwagwa na mashine. Unakwenda sokoni, ukirudi jirani ana nyumba mpya, madirisha yote sawasawa kama meno ya kununua. Yahaya hakutaka kusikia habari hizo, na kwenye dirisha hakuwa akitumia hata futi. Alimwita mwanamke atakayelala chumba kile, akamsimamisha ukutani, akamchorea mstari wa mkaa chini ya kidevu. "Dirisha lianzie hapo," alisema. "Mwanamke aone njia bila kuinama wala kuchuchumia." Mimi Mungu kaniumba mrefu kama mlingoti wa bendera. Zamda ananifika begani. Kwa hiyo nyumba yetu, ukiitazama ukiwa njiani, dirisha moja liko juu na jingine liko chini, na watu walikuwa wakitutania: "Nyumba ya Yahaya inakonyeza."

Na kama alivyogawa madirisha, ndivyo alivyogawa siku. Siku mbili kwangu, mbili kwa Zamda, na akisafiri wakati wa mmoja wetu alirudi akamlipa. Kwa hilo sikuwahi kumlaumu.

Sasa, tangu alipozikwa, nikilala mchana nilikuwa nafika mahali. Sisemi ni Peponi. Naogopa ulimi wangu. Nasema mahali. Ardhi yake nyekundu kama hii yetu ya Irangi, lakini ukiikanyaga inawaka chini ya unyayo, taratibu, kama kaa linalopulizwa, na ukipita inazima nyuma yako. Mto wake unapanda mlima, hauna kelele. Mbingu iko karibu, rangi yake samli inayoanza kuyeyuka. Miti haitoi kivuli, inatoa mwanga, ukitaka kupumzisha macho inabidi utoke chini ya mti. Na katikati ya yote hayo pana nyumba moja nyeupe, kuta zake vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Mimi nakaa barazani. Yahaya yuko chumbani anapiga lipu, namwona mgongo, nausikia mwiko wake: kwaru, kwaru. Nikitaka tu kunyanyuka, anasema bila kugeuka, "Usiingie, lipu mbichi."

Nilijua ananijengea mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale nikisubiri.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Zamda. Yeye alikuwa haoti. Alilala na kofia ile usoni, akaswali, akalia, akaacha kula kitu cha moto maana alisikia kinafukuza ndoto. Wapi.

Siku hiyo, pale kizingitini, alisema bila kunitazama: "Alipokuwa hai siku zangu zilikuwa zangu. Sasa kila siku yuko kwako. Unakula zamu yako, na yangu unakula."

"Ndoto haina zamu, mdogo wangu."

"Mwenye kushiba husema hivyo." Akaiweka kofia chini. "Nimewapigia watu wa senema, wale wanaochota ndoto. Kesho wanakuja."

* * *

Alikuja mwanamke, maana walijua sheria ya eda. Watu wa senema walikuwa wakiwatafuta wajane kuliko watu wote. Aliitwa Nakiete, binti wa Kipare, mwembamba. Alivua viatu nje bila kuambiwa.

"Shikamooni, mama zangu. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumekwisha poa. Karibu."

Alibeba kikapu, na ndani yake kitu cheusi, chepesi, mfano wa ungo mdogo. Akasema hicho ndicho kichotio. Zamda akataka kukigusa, nikamkata jicho.

"Hebu nieleze kama mtu ambaye hakusoma sana," nikamwambia Nakiete. "Nyinyi mna mashine za kutunga dunia nzima. Ndoto ya mjane wa Kondoa mnaitakia nini?"

Akatabasamu kidogo, halafu akaacha. "Mashine zilitunga, mama. Mwanzo watu walishangilia. Baadaye wakawa wanaingia ukumbini na kutoka katikati. Kila ulimwengu ulikuwa ule ule. Miezi miwili angani, milima inaelea, kila kitu buluu. Mashine ilikuwa inacheua ilichokwisha kula. Hakuna aliyewahi kumpenda mtu kwenye ile milima, unaona? Sasa tunatafuta mahali ambapo mtu ameweka moyo wake. Na mtu wa eda anakaa ndani, haoni mengi, anamfikiri mtu mmoja. Mahali pake panakuwa na uzito. Mtu wa barabarani anaota vipande vipande."

"Mkishachukua, mimi nabaki na nini?"

Akashusha macho. Kwa hilo nilimheshimu. "Sitakudanganya. Hiki si kamera. Ile ndoto haikai kichwani kama picha kwenye sanduku, inapikwa upya kila unapolala, jiko lile lile. Kichotio kinaliwasha jiko lote kwa mpigo, ili mahali paonekane mpaka pembeni. Likishawaka hivyo, halipiki tena."

"Kama kisima kilichokaushwa."

"Kisima hujaa tena, mama. Huu ni mtungi."

Zamda yeye alikuwa na swali lake moja. "Na sisi tutaingia?"

"Kwa miguu yenu. Senema ya sasa haikai ukutani, dada. Utakanyaga, utagusa, utanusa. Nyinyi wawili mtaingia bure maisha yenu yote."

"Mahali pote? Mpaka chumbani?"

"Pote. Hata chumba ambacho mama hajawahi kukiingia. Yeye hakijui, lakini aliyekijenga ni kichwa chake, na kichwa kinajua kilichoweka ndani."

Zamda akafumba mdomo kwa viganja viwili, macho yanacheka. Miezi ile yote sikuwa nimeyaona yakicheka.

Hakuna aliyeuliza habari za mtu. Sisi tulivyolelewa, ukikaribishwa nyumba, mwenye nyumba yumo. Haikutupitia akilini kwamba wapo watu wanaobeba nyumba na kumwacha mwenyewe.

"Sijakubali," nikamwambia Nakiete.

"Sijakuharakisha, mama."

"Hajakubali!" Zamda akamwambia ukuta. "Ana mume peke yake, akubali nini?"

* * *

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, Bi Asina, alikuwa akija kila Alhamisi kutusomea. Nilisubiri Zamda aende kuteka maji uani, nikamweleza yote. Alisikiliza huku anahesabu tasbihi, na nilipomaliza hakuacha kuhesabu.

"Kwanza," akasema, "kule kwa waja wema hakujaonwa na jicho wala hakujapita katika moyo wa mtu. Hicho unachoota siyo."

"Najua, Mwalimu."

"Mbona unalia basi?"

"Kwa sababu ndicho nilichonacho."

Tasbihi ikasimama. "Na zamu anayoidai huyu mwenzio haipo. Zamu ni ya mume aliye hai. Kaburini kila mtu na lake. Ukikataa, hakuna kitabu kitakachokuandikia dhambi."

"Alhamdulillahi."

"Usikimbilie kushukuru. Nimekwambia dhambi hakuna. Sijakwambia utalala vizuri." Akajinyanyua kwa kushika ukuta, magoti yakalia. "Swali istikhara. Mwombe Mwenye kujua akuchagulie. Halafu lile utakaloona, usiliongezee chumvi."

Niliswali. Nikalala adhuhuri ile nimeelekea kibla, nikafika mahali. Mto ulikuwa unapanda, ardhi ikawaka chini ya unyayo, nikakaa barazani pangu. Kwaru, kwaru. Sikuwahi kumuuliza kitu kule. Nilikuwa naogopa nikisema sana nitaamka. Siku hiyo nikasema.

"Yahaya. Na Zamda?"

Mwiko ukasimama. Haukuwahi kusimama hata siku moja. Akageuza kichwa, si kwangu, kule upande wa chumba nisioweza kuuona, akatazama kitu ukutani. Akacheka kile kicheko chake kidogo cha puani, cha kuridhika na kazi. Kisha akaendelea.

Niliamka nikiwa na jibu. Mwanamke aliyeishi na mumewe anakijua kicheko chake cha ndiyo. Nikasema Yahaya amependa haki hata huko aliko. Ametaka na mwenzangu apewe siku zake. Nikamwita Zamda, nikamwambia, "Mwite yule binti."

Alianguka miguuni kwangu. Nikamwinua. "Usinishukuru," nikamwambia. "Ni yeye."

* * *

Nakiete alinilaza mkekani, akanivisha kile kichotio juu ya mtandio. Alisema nywele si lazima zionekane. Kilikuwa cha baridi. Zamda alinishika miguu kama wanavyomshika mtu anayejifungua.

"Ukifika, mama, usifanye kitu," Nakiete akasema. "Kaa tu."

Nikafika. Nikakaa. Nikawa nasikia mwiko, nikausikiliza kama mtu anayelamba sahani. Nikamwambia mgongo wake, "Nakuletea mwenzangu." Mwiko ukaendelea. Ndipo mwanga ukaanza kutoka pembeni, kule ambako sikuwahi kufika, ukaja, ukawasha mto, ukawasha miti, kila jani likaonekana mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Sauti ya mwiko ikavutika, ikawa ndefu, nyembamba. Nikakumbuka chumba. Nikajisemea, leo naingia hata kama lipu mbichi, nione changu kabla hakijaenda. Nikanyanyuka. Nilifika mlangoni, mwanga ukanijaa machoni kama maziwa, na huo ukawa mwisho.

Niliamka puani nina harufu ya kitu kilichoungua jikoni.

"Umekiona chumba?" Zamda akauliza.

"Sikukiona."

Nakiete alikuwa anakifunga kichotio kwenye kitambaa, polepole. "Nimeona wengi, mama," akasema. "Kama hapa sijaona."

Kuanzia hapo nikilala ni kama gunia la mahindi ghalani. Nalazwa, naamka, hakuna kilichopita. Zamda hakuniuliza tena leo amesema nini. Alinipikia uji wa ulezi, akanikandia mgongo, akanifulia, akaniita Dada badala ya Bi Mkubwa. Furaha yake ilijaa nyumba nzima, nami nikajitahidi nisiichukie, na siku nyingine niliweza.

* * *

Eda ikaisha. Tulioga, tukabadili nguo, tukasubiri. Filamu ilipokuwa tayari tulipelekwa Dodoma, kwenye jumba kubwa la senema ambalo kwa nje ni kama ghala la serikali. Zamda alivaa gauni la manjano alilonunuliwa na Yahaya Idi ya mwisho, akajifukiza udi mpaka abiria wenzetu wakafungua madirisha.

Nakiete alitupokea mlangoni. "Mama, filamu ina hadithi yake," akasema, kama mtu anayeomba radhi mapema. "Kuna malkia wa sayari ya mbali, anaviziwa na maadui. Nyumba yako ndiyo ikulu yake. Msijali kelele."

Tukaingia.

Nakwambia kweli, palikuwa pale. Mbingu ya samli. Mto unapanda mlima. Nilisimama nikakosa pa kuweka mikono. Lakini ardhi ile, iliyokuwa ikiwaka chini ya unyayo wangu tu, sasa iliwaka chini ya miguu ya watu mia, huku na huku, kama shamba lililoshika moto. Watoto walikuwa wanarukaruka kuiwasha. Baba mmoja alijilaza chini ya mti wangu akimwambia mkewe amtazame anavyong'aa. Harufu ya bisi ilikuwa kila mahali. Askari waliovaa fedha wakapita katikati yetu wakikimbia, wakirusha mionzi ya moto, na watu wakapiga mayowe ya raha.

Zamda hakuona chochote katika hayo. Alikwishaiona nyumba. Alikimbia na gauni lake la manjano, akapita barazani, akaingia mlango ule ambao mimi sikuwahi kuuvuka.

"Yahaya!" nikamsikia akiita. "Yahaya! Ni mimi!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani ni mmoja wa waigizaji. Kijana mmoja akaita kwa sauti ya kuigiza, "Yahaya, umeitwa, baba!" Wenzake wakavunjika mbavu.

Niliingia nyuma yake. Chumba kilikuwa kitupu. Kuta nyeupe, sakafu, dirisha. Hata ndoo ya udongo haikuwepo.

"Yuko wapi?" Zamda alimgeukia Nakiete aliyekuwa ametufuata mbio. "Mmempeleka wapi?"

"Dada..." Nakiete akanitazama mimi. "Mama, wafu hatuwaoneshi. Ni sheria ya kazi yetu. Tunachota mahali tu. Nilidhani mnajua."

"Tungejuaje?" nikamuuliza. "Ulisema nyumba."

Zamda naye hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alijifunika uso kwa mtandio, akaenda dirishani akatupa mgongo, asionekane akilia. Akaegemea. Mabega yakamtikisika, kisha yakatulia.

Na mimi nikaona.

Ukingo wa dirisha ulikuwa umemfika kidevuni. Sawasawa, si juu wala chini. Alikuwa amekiweka kidevu chake pale kama kikombe kwenye kisahani, na mbele yake njia nzima ilikuwa wazi, kuanzia mtoni mpaka nyumbani. Nikasogea nikasimama kando yake. Mimi ukingo ule ulinipiga kifuani, na dirisha lenyewe fupi, juu yake pakanikomea mdomoni. Ili nione nje ingenibidi niiname.

"Nakiete," nikasema, na nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa tulivu. "Hapa mlibadilisha kitu?"

"Hatuongezi, mama. Tunaondoa watu, basi. Chochote unachokiona humu kimetoka kwako."

Zamda alikuwa amekwisha kuhisi. Alipapasa ukingo kwa vidole, akajishika kidevu, akapapasa tena. Akanigeukia, machozi yangali yanatiririka, na uso ukamfunguka kama wa bibi harusi.

"Bi Mkubwa. Kidevuni."

"Naona."

"Ulisema hanitaji!"

"Sikumsikia akikutaja."

"Alikuwa ananijengea mimi. Siku zote zile. Wewe uko pale, na yeye ananijengea mimi!" Hakusema kwa ubaya. Yangekuwa maneno ya ubaya ningejua la kumjibu. Akatoka mbio kuzunguka nyumba, gauni la manjano likapita dirishani, akarudi anahema. Alikuwa amekwenda kunitafutia chumba changu. "Dada, na chako kiko wapi? Mbona nyumba ina chumba kimoja?"

Nilikumbuka mwiko uliosimama, na kichwa kilichogeukia ukuta huu, na kile kicheko cha puani ambacho nilikitafsiri mwenyewe. Bi Asina aliniambia nisiongeze chumvi.

"Mimi nilikuwa nakaa barazani," nikamwambia.

Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alishusha macho, akaanza kunyoosha gauni lililokuwa halijakunjamana. Askari wa fedha wakaingia chumbani wakipiga kelele, mmoja akapiga goti mbele ya malkia wake, na malkia akaenda kusimama dirishani, akainama kutazama nje.

Kabla ya kutoka niliweka kiganja ukutani. Bado ulikuwa vuguvugu. Lipu ilikuwa imekauka.

Barazani, pale pangu, palikuwa pamekaliwa na msichana mwenye pakiti ya bisi, miguu kaikunja, anatazama vita.

"Mwanangu," nikamwambia, "nisogezee kidogo."

Akasogea.